Naambiwa mimi ni nesi, si mwanaharakati

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ni nesi wa wodi ya watoto. Majuzi nilimwandikia mkuu wangu kwamba sabuni ya kunawia mikono inakatika kila mara. Nikaitwa ofisini: "Wewe ni nesi, si mwanaharakati. Chagua moja." Dada yangu, mwalimu, anasema niache kazi nijiunge na shirika la kutetea haki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache.

Nimevaa sare hiyo mpaka nikastaafu, na sijawahi kuona mahali uuguzi unapoishia na ualimu unapoanzia. Mama akija na mtoto anayeharisha na pakiti za dawa zimeisha, humwambii "mpe maji ya chumvi na sukari" ukamwacha. Unamsimamisha mezani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya mfuto. Achanganye yeye, wewe macho kwenye kijiko cha chumvi. (Wengi hukijaza kikawa kichuguu, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto.) Hapo umeshakuwa mwalimu. Akikwambia kwao maji safi hayapo, utanyamaza?

Huko New York mwaka 1902, watoto wa shule wenye chawa, mashilingi na ugonjwa wa macho walikuwa wakirudishwa nyumbani, basi. Hakuna aliyewafuata. Lillian Wald, nesi aliyekuwa akiuguza maskini majumbani mwao, akawabana wakubwa wa jiji wakubali jaribio la mwezi mmoja, akamtoa nesi wake, Lina Rogers, ahudumie shule nne. Rogers alisafisha na kufunga vidonda palepale shuleni, kisha akawafuata watoto makwao kuwaelekeza mama zao. Watoto wakarudi darasani, na jiji likaajiri manesi wengine. Sasa niambie, pale nani alikuwa nesi na nani mwanaharakati? Bosi wako naye atafute jibu.

Ila barua yako, nadhani, ilikuwa na uchungu mwingi na tarehe chache. Florence Nightingale, nesi Mwingereza aliyewazungukia majeruhi usiku na taa mkononi, anasifiwa kwa taa hiyo, lakini kilichoisumbua serikali ya Uingereza baada ya vita vya Krimea vya miaka ya 1850 ni hesabu zake za vifo vya wanajeshi. Kwa hiyo andika upya: sabuni iliisha siku gani, ikarudi lini, zamu zipi zilipita bila sabuni. Usidai kwamba mtoto fulani aliugua kwa sababu hiyo kama huna ushahidi. Jina la mgonjwa lisiguswe, wala picha ya wodi isitoke kwenye simu yako. Watie sahihi wenzako pia, maana barua ya mtu mmoja huitwa kiburi. Ipitie kwa muuguzi kiongozi, nakala kwa kamati ya kudhibiti maambukizi, na moja ubaki nayo.

Shirika la dada yako nalo si baya. Nenda siku ambayo huna zamu.