Ukiwaonyesha vijana mbio za ski, waambie watazame miguu

Nafundisha michezo sekondari hapa Mtwara, na ikifika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Majira ya Baridi huwa nawaonyesha wanafunzi mbio za ski za mlimani, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili nyembamba miguuni. Walimu wenzangu huuliza faida yake ni nini, wakati huku jasho linatutoka hata Julai. Mimi sijaona mchezo unaomfundisha kijana kujiandaa kichwani kama slalomu, mbio za ski za kupinda kati ya nguzo.

Ila ukiwaacha watazame wenyewe, wataona watu wanateleza na saa inakimbia, na muda si mrefu watadai mpira. Anza na milango. Ni nguzo nyekundu na za bluu zinazopokezana mteremko mzima. Ncha za ski zote mbili na miguu yote miwili lazima ivuke mstari wa kila mlango. Ukikosa mmoja na usiurekebishe, umetolewa. Kuigonga nguzo si kosa. Utaona kifua na mikono vinapita upande wa ndani, vinailaza nguzo, huku miguu ikizunguka kwa nje. Ndiyo maana wanavaa kinga za ugoko.

Kisha waeleze ukaguzi, na hapa usiwe na haraka. Kabla ya mbio hakuna anayeruhusiwa kujaribu njia ile kwa kasi. Washindani hushuka polepole kandokando ya milango, wanaisoma, wanaibeba kichwani. Kamera ikionyesha pale pa kuanzia, simamisha picha kama unaweza: kijana wa miaka 16 amefumba macho, kiganja kinakwenda kulia, kushoto, kulia, mabega yanafuata. Anaipita njia nzima kabla hajaikanyaga. Wanafunzi wangu hunyamaza wakiliona hilo.

Waambie pia wasimhukumu mtu kwa muda peke yake. Theluji huchimbika kila anapopita mshindani, kwa hiyo aliyeanza mapema amepata njia safi, wa nyuma anapambana na mashimo. Slalomu ina mizunguko miwili na muda hujumlishwa. Mzunguko wa pili milango hupangwa upya, na kwa kawaida walioongoza wanaanza kwa mpangilio uliopinduliwa, kinara akishuka mwisho wa kundi lake. Aliyeongoza anaweza kupoteza yote kwa sehemu ya mia ya sekunde.

Watakuuliza kama Mwafrika anaweza. Katika michezo hii ya vijana, Adam Lamhamedi wa Morocco alishinda dhahabu ya super-G, mbio za ski zenye kasi kuliko slalomu, kule Innsbruck mwaka 2012. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya katika michezo hiyo ya vijana kule Lillehammer mwaka 2016, na miaka miwili baadaye akashiriki Olimpiki ya wakubwa Pyeongchang. Lakini sema ukweli wote: Lamhamedi alikulia Kanada, Simader akahamia Austria angali mdogo. Walikua karibu na theluji. Mtoto wa Shangani, hapa Mtwara, usimwahidi usichoweza kumpa. Mpe kile kinachofanyika hapa.

Na kinafanyika. Maji yakipwa, mchanga wa ufukweni unakuwa mgumu. Chomeka vijiti vya mianzi kwa zigizaga, virefu kuliko watoto, vya rangi mbili. Waache watembee njia mara moja tu, halafu wageuke waipe mgongo na waieleze kwa mikono. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kasi si wa mbele, aliwashinda wavulana kwa sababu alijua kijiti kilichobanana na mwenzake kiko wapi, akaanza kukata kona mapema. Kwa mzunguko wa pili hamisha vijiti, waanze wa mwisho kwanza.

Michezo ijayo ni Januari 2028 kule Italia. Tumewatangulia saa mbili, kwa hiyo mbio za saa nne asubuhi kwao zitatukuta saa sita mchana. Omba projekta ya shule mapema, na bando lipimwe kabla, maana picha ikikwama mlango wa tatu hamtaona chochote cha kujadili.