Usishushe gia boksi kabla hujapima presha

Mpigie fundi wako sasa hivi umwambie Jumamosi asiiguse hiyo gari.

Umesema Dodge yako ya dizeli ya 1997, yenye gia boksi ya otomatiki ya 47RE, asubuhi inakawia kushika rivasi. Ukipanda mlima na mzigo, injini inavuma kwanza ndipo gia ya tatu ikamate. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida barabara kuu, mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka wenyewe. Fundi kaizungusha kidogo tu, kasema klachi zimeisha, ishushwe. Mkuu, na mimi niliambiwa hivyohivyo kwenye pikapu yangu, nikaishia kulipia gia boksi ileile mara mbili.

Ilishushwa, ikawekwa klachi mpya, bendi mpya na sili zote. Ikatoka gereji ikiwa tamu. Haikuchukua muda ikaanza kuteleza tena, safari hii na harufu ya kuungua. Fundi akalaumu oili, kisha akalaumu vipuri, mwisho akanilaumu mimi eti nabeba mzigo mzito. Pikapu isibebe mzigo ibebe nini? Kilichoniuma zaidi ni kwamba muda wote huo hakuwahi kufunga geji ya presha hata mara moja. Alisikiliza mngurumo, akatoa hukumu.

Ilipofunguliwa mara ya pili, klachi zile mpya zilikuwa nyeusi tii. Aliyegundua kisa ni fundi mwingine kabisa, aliyefungua boneti kabla ya kuingia uvunguni. Alisukuma kwa mkono wenzo wa throtoli pale kwenye pampu ya dizeli, akaniambia nitazame kebo inayoshuka kwenye gia boksi. Wenzo ukaenda, kebo ikabaki imelegea. Ilianza kuvuta wenzo ulipokaribia nusu ya njia. Kishikizo chake kilikuwa kimeteleza, basi.

Kebo hiyo ndiyo inayoiambia 47RE umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, presha ya oili haipandi kadiri mzigo unavyoongezeka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza mpaka zinaungua. Ukiweka mpya bila kurekebisha kebo, umeweka kuni nyingine. Wenye Ford za zamani za dizeli zenye gia boksi ya otomatiki ya C6 wasijione wako salama: zao zinategemea vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, inayotoka kwenye pampu yake maalumu, na mpira ukipasuka gia zinachelewa na kupiga kishindo.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima injini, mtu asukume wenzo wa throtoli taratibu, wewe tazama wenzo mdogo ubavuni mwa gia boksi. Viwili hivyo vianze kusogea pamoja na virudi pamoja. Kisha funga geji ya presha. Tafuta inayofika psi 300 (psi ni kipimo cha presha), maana kwenye rivasi presha hupanda sana na ya psi 100 utaiua. Linganisha namba zako na kitabu cha gari hilo, gia kwa gia. Presha ikiwa sawa na bado inateleza, na sampu, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, ikifunguliwa ina vipande vya klachi na oili inanuka kuungua, hapo sawa, ishushe, sitakuzuia. Ujiuji wa kijivu kidogo kwenye sumaku ya sampu usikutishe, huo ni wa kawaida.

Hiyo ya mshale kupanda na kushuka barabara kuu, mara nyingi wala si ya gia boksi. Kufunga kwa toku konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi kwa oili, kunaamuliwa na kompyuta, na kompyuta inasoma sensa ya throtoli. Diodi za alteneta zikichoka, au ethi (nyaya zinazounga umeme na bodi) zikiwa na kutu, umeme mchafu unavuruga sensa hiyo. Injini ikiwa imezimwa, chomoa plagi ndogo ya alteneta, halafu endesha mwendo mfupi kwa betri peke yake. Mchezo ukikoma, umempata mwizi, naye hayumo kwenye gia boksi.

Rivasi ya asubuhi: hizi gia boksi zikilala, oili hurudi chini kutoka kwenye konveta, na wenzo wa gia ukiwa kwenye P (paki) pampu haiijazi konveta. Washa, weka N (nyutro), subiri kidogo, ndipo uweke R (rivasi). Hata kipimo cha oili kwenye 47RE kinasomwa ikiwa N, injini ikiwa ya moto na inanguruma. Fundi akikupimia ikiwa P, tayari ujue unashughulika na nani.

Uliuliza pia oili gani. ATF+4. Na kuhusu kuongeza kipoza oili, hilo liache kwanza. Leta hapa namba za geji, ya D (kwenda mbele) na ya R, tuzisome pamoja kabla mtu hajalegeza hata bolti moja.