Maswali ya pumzi: jiko la mkaa, kokoto, inhela na mashine ya kidoleni

Kipupwe kimeshika Dodoma. Usiku baridi inafika nyuzi 13 au 14, mchana ni upepo na vumbi, na maswali mengi tuliyopokea yanahusu kifua. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, ila tunasubiri moshi uishe kabisa na tunaweka beseni la maji pembeni. Mbona asubuhi vichwa vinatuuma? (Mama wa watoto watatu, Nkuhungu)

Mama, kuanzia leo jiko lilale nje. Moshi mnaousubiri uishe sio unaoua. Mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu, hewa ukaa (kaboni dayoksaidi) inayozalishwa chini ya jiko hupanda ikipita katikati ya makaa ya moto na kugeuka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Jiko lisilofuka, lile mnaloliona salama, ndilo linaloitoa kwa wingi. Beseni la maji halisaidii kitu, maana hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwili haupigi kelele. Hamu ya kuvuta pumzi huendeshwa zaidi na hewa ukaa inayojikusanya kwenye damu. Vipo pia vipokezi vidogo pande mbili za shingo vinavyopima oksijeni, lakini vinapima ile iliyoyeyuka kwenye majimaji ya damu, si ile iliyobebwa na chembe nyekundu. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na wakati huo vipimo vyote viwili vya mwili vinaendelea kusoma "shwari". Mtu anaishiwa oksijeni bila kusikia amebanwa. Anachosikia ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na wengi hukimbilia kupima malaria. Nyumba nzima ikiamka na kichwa siku moja, kisha mkitoka nje kikapoa, mtuhumiwa wa kwanza ni jiko.

Ukimkuta mtu kazimia: fungua mlango, mvute nje haraka, usikae humo kutafuta simu wala viatu, kisha mpeleke hospitali yenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni safi ya barakoa huchukua takriban saa moja na nusu au pungufu. Mjamzito apelekwe hata akisema amepata nafuu, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia sumu hiyo muda mrefu kuliko ya mama yake. Kwa baridi ya usiku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inatosha kupasha kitanda.

Nimenunua mashine ya kubana kidoleni, ya kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu. Inasoma 95, mara 97, mara 91. Je, ni kwa sababu Dodoma tuko juu? (Mstaafu, Area C)

Mzee wetu, shikamoo. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa umepungua kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Hata hivyo mapafu mazima hulimudu pengo hilo bila shida, na kipimo hubaki 95 au zaidi. Kwa hiyo 91 usiitupie lawama milima.

Kwanza hakikisha umepima sawasawa. Kaa umetulia dakika 5, pasha mkono joto, futa rangi ya kucha. Piko jeusi huzuia mwanga wa mashine, wakati hina nyekundu kwa kawaida haina tatizo. Weka mkono mezani usitikisike, subiri mpaka namba itulie kama dakika nzima, kisha linganisha mapigo yaliyoandikwa na yale unayoyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Yakipishana sana, hata namba ya oksijeni usiiamini.

Lipo jambo jingine ambalo maduka hayalisemi. Mashine hizi hutumia mwanga, na rangi ya ngozi huingilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha mwaka 2020 ulinganisho wa kipimo cha kidoleni na kipimo halisi cha damu. Kati ya wagonjwa ambao mashine iliwasomea 92 hadi 96, wale ambao damu yao kwa kweli ilikuwa chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Maana yake kwetu ni kwamba mashine hukosea zaidi kwa kutupamba, yaani kusoma juu kuliko hali halisi. Namba ikishuka chini ya 94 na unahema kwa shida, nenda kituo cha afya. Ikiwa 90 au chini, ni dharura. Ukiwa hujisikii vizuri ilhali namba ni nzuri, sikiliza mwili. Na kwa aliyevuta hewa ya jiko mashine hii haifai kabisa, kwani damu yenye kaboni monoksaidi huisoma kama imejaa oksijeni.

Vijana wetu wakiogelea Hombolo hushindana kukaa chini ya maji. Wanahema harakaharaka kwanza ili "wajaze oksijeni". Ni sawa? (Mzazi, Hombolo)

Hapana, na wakatazwe. Damu ya mtu mzima kiafya tayari imebeba oksijeni karibu asilimia 97, hivyo kuhema kwa kasi hakuongezi cha maana. Kinachotoka ni hewa ukaa, yaani kengele yenyewe inayotuambia tuvute pumzi. Kijana anazama kengele ikiwa imezimwa, oksijeni inashuka mpaka ubongo unazima kabla hamu ya kupumua haijamfikia, kisha pumzi inayofuata anaivuta ndani ya maji. Hata muogeleaji hodari hafi kwa kuchoka, anafia katikati ya mashindano akiwa hajasikia shida yoyote. Mtu akiopolewa hapumui, anzeni kwa kumpulizia hewa mdomoni na kuendelea na kukandamiza kifua. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yamwagike ni kupoteza dakika zake za mwisho.

Nashusha pumzi kila mara bila sababu. Mama mkwe ananigombeza kwamba nakaribisha mikosi. (Mke wa mtu, Chang'ombe)

Dada, mwambie mama kwa heshima kwamba hata yeye hushusha pumzi ndefu takriban kila dakika 5, akijua asijue. Mapafu yana vifuko vya hewa karibu milioni 500, na vingine hunywea polepole tukipumua kifupikifupi. Pumzi moja yenye ujazo kama mara mbili ya kawaida huvifungua tena.

Amri hiyo inatoka kwenye shina la ubongo. Mwaka 1991 Jack Feldman, Jeffrey Smith na wenzao walionyesha fundo dogo la seli linalopiga mdundo wa pumzi, likaitwa preBötzinger, jina lililotokana na chupa ya mvinyo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na UCLA, Marekani, wakaonyesha kwamba kwenye panya, seli zipatazo 200 tu ndizo hutuma ujumbe wa kemikali kwa fundo hilo kugeuza pumzi ya kawaida kuwa ndefu. Ujumbe huo ukizuiwa, pumzi ndefu hukoma. Mwaka 2017 likaonekana jambo jingine: baadhi ya seli za fundo hilo huzungumza na sehemu ya ubongo inayotuamsha na kututia wasiwasi. Zilipoondolewa, panya wakawa watulivu kupita kawaida.

Ukitaka kuitumia pumzi ndefu kujituliza: vuta hewa puani, ongeza mvuto mdogo juu yake, kisha toa taratibu kwa mdomo kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Jaribio la Stanford lililotoka 2023 liliwapa watu zoezi hili dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao zikaboreka kuliko za waliokaa kutafakari tu. Ni jaribio moja, lisichukuliwe kama dawa ya sonona. Kama kushusha pumzi kunaambatana na vidole kufa ganzi na midomo kuwasha, unatoa hewa ukaa kupita kiasi: punguza kasi ya kupumua, wala usihemee ndani ya mfuko. Kama kunaambatana na miguu kuvimba au kushindwa kulala chali, nenda kapimwe moyo.

Naponda kokoto mwaka wa tisa sasa. Najifunga leso iliyolowana. Inatosha? (Mponda kokoto, Ntyuka)

Haitoshi. Leso huzuia vumbi unaloliona, na hilo hata pua ingelizuia. Linaloumiza ni lile la chini ya mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele una kama mikroni 70. Mawe ya granaiti ya huku kwetu katikati ya nchi yana madini ya kwatzi, mara nyingi robo hadi theluthi ya jiwe, na kwatzi ni silika. Chembe hiyo ikifika kwenye kifuko cha hewa humezwa na seli ya ulinzi, seli inakufa, chembe inaachwa huru imezwe na nyingine, na kila mzunguko unaacha kovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi, vumbi likiwa jingi huwahi. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Ulinzi mkubwa ni maji, barakoa inafuata nyuma. Lowanisha jiwe kabla ya kuligonga na tena linapopasuka, na mwagia eneo la kukalia. Wengi hukaa wakiupa upepo mgongo, na hilo ni kosa. Upepo ukipiga mgongoni hujizungusha mbele ya kifua na kukurudishia vumbi usoni. Kaa upepo ukupige ubavuni. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, aina ya N95 au FFP2, ikaze puani, na kwa mwenye ndevu haizibi. Nguo za kazi usizikung'ute ndani, zifuliwe peke yake, na watoto wasicheze kwenye lundo. Sigara iachwe. Kwa miaka tisa, omba picha ya eksirei ya kifua hata kama husikii kitu. Kikohozi cha wiki mbili peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Huduma hiyo ni bure kwenye vituo vya umma.

Ukiambiwa upulize spairomita, mashine ya kupima uwezo wa mapafu: vuta hewa mpaka mwisho, puliza kwa nguvu ghafla bila kusita, endelea mpaka hakuna kilichobaki. Zinatakiwa angalau pulizo tatu nzuri, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Muulize mpimaji mashine inatumia rejea ipi, yaani viwango gani vya kulinganishia. Kwa miaka mingi mashine zilimpangia mtu mweusi mapafu "madogo kwa asili", hivyo aliyeathirika akaonekana mzima. Rejea ya kimataifa ya GLI ya mwaka 2022 haiulizi rangi.

Spesa ya inhela, lile bomba la kupitishia dawa, ni ghali. Nimesikia chupa ya maji inafaa. (Baba wa mwenye pumu, Kondoa)

Inafaa, na si uvumi. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 jaribio lililoonyesha chupa ya plastiki ya mililita 500, ikizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Isiyozibwa ilikuwa dhaifu, kikombe cha povu kikawa cha mwisho. Siri iko kwenye tundu.

Pinda waya mnene ufuate umbo la mdomo wa inhela. Upashe moto, ubandike kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke, kisha ingiza inhela papo hapo plastiki ikiwa bado laini ili ijishike. Penye mwanya ziba kwa gundi. Osha chupa kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe bila kusuuza wala kufuta. Ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme tuli, na dawa inanata ukutani badala ya kwenda kifuani.

Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, mtoto avute na kutoa pumzi 5 au 6 kupitia mdomo wa chupa, kisha tikisa tena ndipo ubonyeze ya pili. Kubonyeza mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa. Akibanwa vibaya na ana miaka 6 au zaidi, mpe salbutamoli (inhela ya bluu) mibonyezo 4 hadi 10, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 mkiwa njiani kuelekea hospitali. Inhela nyingi zina dozi 200, kwa hiyo ziandike. Ile habari ya kuelesha kopo kwenye maji ili kujua limebaki kiasi gani haiaminiki. Na kama anatumia ya bluu peke yake, rudi kliniki: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kushauri hivyo, kwanza kwa vijana na watu wazima, kwa sababu inafungua njia za hewa bila kutibu uvimbe wake.

Nitajuaje kama kikohozi cha mtoto ni nimonia? (Mama kijana, Mpwapwa)

Hesabu. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo, tazama tumbo likipanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Nusu dakika mara mbili hudanganya. Pumzi ni za kasi zikiwa 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 mpaka 5. Zikifika hapo mpeleke zahanati siku hiyohiyo, usipitie kwanza duka la dawa muhimu kuuliza sharubati. Kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta hewa, akikataa kunyonya, akidegedege au kulegea, nenda hospitali usiku huohuo.

Kwikwi ya mtoto, tubandike uzi kwenye paji la uso? (Bibi, Makole)

Bandika, bibi, hauna madhara, ila ingeisha yenyewe. Ni kiwambo cha chini ya mapafu kujikunja ghafla na koo kujifunga sehemu ndogo mno ya sekunde baadaye, kama 35 katika 1,000, ndipo unasikia "hik". Mtu mzima akibana pumzi hewa ukaa hupanda na mara nyingi kwikwi hukatika. Mtoto mchanga mnyonyeshe, usimpe maji. Kwikwi ya mtu mzima ikipita saa 48, aonwe na daktari.