Maswali na majibu: Serikali ikae wapi, soko likae wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu ujamaa na ubepari yamerundikana. Yanayofanana nimeyaunganisha, ya matusi nimeyaweka pembeni.

Tanzania ni nchi ya kijamaa au ya kibepari? Mwalimu wetu wa uraia anazungukazunguka tu. (Mwanafunzi, Dodoma)

Usimlaumu sana. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Maneno hayo yapo hadi leo. Wakati huohuo, tangu 1998 tuna Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na tangu CCM ilipokutana Zanzibar mwaka 1991, kiongozi anaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, mambo ambayo Azimio la Arusha la 1967, tamko lililotangaza siasa ya ujamaa, lilimkataza waziwazi. Kwenye mtihani andika kilichomo kwenye Katiba. Ukitoka nje, fungua macho.

Shikamoo. Babu hataki hata kulisikia neno ujamaa, bibi anamwombea Mwalimu Nyerere kila Jumapili. Nani mkweli? (Njombe)

Marahaba, mwanangu. Wakweli wote wawili, ila kila mmoja ana lake kichwani.

Bibi nadhani anakumbuka shule. Kikao cha TANU, chama tawala cha wakati ule, kilichofanyika Musoma mwaka 1974, kiliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa kufundisha huku wenyewe wakiendelea kufundishwa kazi. Ubora ulilalamikiwa, na kwa haki. Lakini watoto wa wakulima waliingia darasani kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, tena katika vijiji ambavyo hakuna mfanyabiashara angejisumbua kwenda kufungua shule.

Babu nadhani anakumbuka Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuhamia kijijini si hiari tena, na mwisho wa kuhama ni 1976. Kuna waliobomolewa nyumba ili wasirudi nyuma. Kuna walioteremshwa na malori mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala maji, huku mashamba wanayoyajua udongo wake yakiachwa mbali. Kwa mtu aliyepitia hayo, huwezi kumwambia ujamaa ni undugu akakuelewa.

Mimi huwa nawakumbusha watu habari ya Litowa, kule Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 60 vijana wa TANU walianzisha kijiji chao wenyewe, bila kusukumwa na mkuu wa wilaya. Vikafuata vingine, vikaungana kuwa Ruvuma Development Association. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, na mambo yao wakayaamua mikutanoni. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho cha vijiji. Kwa hiyo ujamaa uliochipua wenyewe haukukatwa na mabepari, ulikatwa na chama kilichokuwa kikiuhubiri.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na mamlaka za mazao. Mkulima wa kahawa au pamba akabaki na mnunuzi mmoja, ambaye bei anapangiwa kutoka juu na malipo anayaleta akijaliwa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Serikali kumiliki kitu hakuninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni mwananchi kukosa pa kwenda akionewa.

Jirani zetu Kenya walichagua ubepari, sisi tukawaita manyang'au. Si wao ndio walikuwa sahihi? (Tarime)

Kwa uchumi kukua, walituacha, hilo tulikubali. Ila usidhani serikali yao ilikaa pembeni inatazama. Waraka wao wa sera wa 1965, ule Na. 10, ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Mkono wa serikali ulikuwa kwenye chai, maziwa na mahindi. Hata Safaricom, ambayo M-Pesa yake ya 2007 ilibadilisha maisha ya watu, serikali ilikuwa na asilimia 60 ya hisa hadi 2008, ilipouza 25 kwa umma.

Doa lipo kwenye waraka huohuo. Ulielekeza fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka, maana yake penye mvua na reli. Turkana, Marsabit na Mandera zikaachwa zijikune. Katiba ya 2010 ililazimika kuleta kaunti na mfuko wa usawazishaji ili kurekebisha. Soko halikuwaona watu wale, na serikali iliyopaswa kuwaona iliamua kufuata macho ya soko.

Kwa nini serikali isiuze kila kitu? Biashara waachiwe wafanyabiashara. (Kariakoo)

Ndugu yangu, tofautisha bia na maji. Kampuni ya bia ilipobinafsishwa mwaka 1993, bia ikarudi madukani, na asiyeipenda alikunywa soda. Mwaka 2003 usambazaji wa maji Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali ikauvunja. Bomba likikauka, mkazi wa Tandale hana bomba la pili la kuhamia, anasubiri mkokoteni wa madumu. Reli nayo tuliikodisha kwa kampuni ya India mwaka 2007, ikarudi serikalini.

Serikali ilivyonunua korosho zetu 2018, ilitusaidia au ilituumiza? (Newala)

Novemba ile Rais Magufuli alizikataa bei za wanunuzi binafsi, akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja. Kuikataa bei mbovu sikuona kosa, hasa kwa kuwa msimu uliotangulia minada ilikuwa imevuka 4,000. Tatizo lilikuja baadaye. Ili kuwabana watu wa kangomba, wale wanaomkopesha mkulima wakati wa njaa kisha wakavuna jasho lake kwa bei ya kutupa, kila mwenye korosho alihakikiwa shamba lake. Uhakiki ukachukua muda, malipo yakavuta hadi 2019, na mkulima asiye na fedha ya palizi akarudi kwa nani? Kwa kangomba.

Na msisahau Juni ya 2018. Bunge lilibadili sheria, fungu la ushuru wa korosho zinazouzwa nje lililokuwa likirudi kwenye zao hilo likaingizwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele, hawakusikilizwa. Salfa ya kupulizia mikorosho hainunuliwi kwa hotuba.

Kwa nini serikali isipange bei ya sukari kama inavyopanga ya petroli? (Mama lishe, Mwanza)

Dada, ilishajaribu. Mwaka 2016 iliweka bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, na uagizaji ulikuwa umebanwa. Unakumbuka kilichofuata: ukimuuliza Mangi anasema imeisha, mteja anayemfahamu akija anapimiwa kilo yake chini ya kaunta, kwa bei nyingine.

Petroli ina utaratibu tofauti. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, lakini bei hiyo inafuata soko la dunia na mafuta yanaagizwa kwa pamoja, kwa hiyo mwenye kituo haambiwi auze kwa hasara. Sukari iliwekewa kikomo bila kuongezwa mzigo. Sasa, bei ya chai yako panga wewe mwenyewe. Wakiiona ghali, wateja watavuka barabara kwa mwenzako.