Moyo unadunda ovyo lakini najisikia mzima. Niache wafarini?

SWALI: Habari za kazi, Sista. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 67, nina presha. Huu ni mwezi wa nane tangu niambiwe moyo wangu unadunda bila mpangilio, na hali hiyo haijaondoka. Natumia bisoprololi ya kutuliza mapigo na wafarini ya kuzuia damu isigande. Kwa kuwa najisikia mzima, wafarini huwa naruka siku mbili tatu. INR ya mwisho, yaani kipimo cha jinsi damu inavyoganda, ilikuwa 1.4. Mke wangu ameondoa kisamvu na mchicha mezani. Jirani anasema aspirini inatosha. Naye kijana wangu aliyeko Dar anataka nikashtuliwe moyo kwa umeme, yaishe. Nifuate lipi?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na hiyo 1.4, maana ndiyo iliyonitia hofu kuliko mengine yote uliyoandika. Mtu mwenye tatizo lako anatakiwa awe kati ya 2 na 3; chini ya hapo damu bado inaganda upesi. Vyumba vya juu vya moyo wako havikamui damu sawasawa, vinatetemeka tu. Damu inatuama, hasa kwenye kijifuko kilicho pembeni mwa chumba cha kushoto, na hapo ndipo bonge huanza. Likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Wakati linajitengeneza haliumi wala halikupi dalili. Kujisikia mzima ni habari njema ya bisoprololi, kwamba kasi imetulia. Kuhusu bonge hakukuambii chochote.

Rudi kliniki wiki hii. Usijiongezee vidonge kufidia ulivyoruka. Wagonjwa wangu wengi humeza wafarini baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kisha wanatia alama kwenye daftari. Jaribu hivyo.

Aspirini, hapana. Kwa moyo wa namna hii kinga yake dhidi ya kiharusi ni ndogo mno, na tumbo laweza kuvuja damu vilevile.

Kisamvu mwambie mama akirudishe, kidogo kidogo, na kliniki wajue ili wapime upya. Mboga za majani hupunguza nguvu ya wafarini, ndiyo, lakini dozi hupangwa kulingana na unachokula. Kinachovuruga ni kukaa mwezi mzima bila mboga, kisha kujaza sahani msibani. Mimi naliogopa zaidi duka la dawa. Mtu INR yake imetulia kwa miezi, anakunywa Flagyl ya tumbo au Septrin siku chache, anarudi fizi zinatoka damu. Diklofenaki ya mgongo nayo ni hatari. Kabla hujauziwa chochote, sema: natumia wafarini.

Sasa umeme. Kijana wako hajakosea, ila ameruka hatua. Unapewa usingizi mfupi, moyo unashtuliwa, na wengi hurudi kwenye mdundo wa kawaida palepale. Lakini kabla yake INR ikae 2 hadi 3 kwa wiki 3 mfululizo, au umezeshwe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kinachopita kooni kutafuta bonge. Ukishtuliwa ukiwa na 1.4, moyo ukianza kukamua unaweza kulisukuma bonge lenyewe kichwani. Baada ya hapo wafarini huendelea wiki 4 kwa uchache, na kwa umri wako na presha, jiandae kuendelea nayo hata mdundo ukinyooka.

Tena mdundo mbovu hurudia, hasa chumba cha kushoto kikiwa kimetanuka. Omba majibu ya eko, uulizie chumba hicho na valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Ikiwa valvu imebana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, wafarini ndiyo dawa yako. Ikiwa ni nzima, muulize daktari kuhusu apiksabani au rivaroksabani, dawa nyingine za kuzuia damu isigande ambazo hazihitaji INR. Atapima figo kwanza. Bei yake iko juu, kwa hiyo ulizia bima mapema.

Kuishi na mdundo huu kasi ikiwa imedhibitiwa nako ni matibabu kamili. Mapigo yakiwa chini ya 110 ukiwa umepumzika, huchoki wala huhemi, daktari anaweza kuridhika nayo.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, hata kama yataisha baada ya dakika chache, mama asisubiri kukuche. Akupeleke hospitali saa hiyohiyo, awaambie unatumia wafarini, na saa ya mwisho alipokuona mzima.