Miwani anayo, ubao bado haoni

SWALI: Nina mwanafunzi wa P6 (darasa la sita) mwenye ualbino, hapa Arua, Uganda. Amepimwa macho, ana miwani, nimemkalisha mbele karibu na dirisha. Bado hasomi ubaoni, na kitabu anakibandika usoni. Darasa lina watoto 84. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, huenda miwani haina kosa. Kwa mwenye ualbino, sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ile inayotambua vitu vidogo, haikukua kikamilifu tangu tumboni. Miwani humsaidia, lakini hilo haiwezi kulijazia.

Kwanza mtoe dirishani, mwanga unamchoma. Mweke mita 1 au 2 kutoka ubaoni, dirisha lisimkabili, na aruhusiwe kofia yenye ukingo hata darasani. Kisha kalia kiti chake wewe mwenyewe: ubao uking'aa, msogeze tena.

Kitabu usoni mwachie. Hakimharibu macho, ndivyo anavyokuza herufi. Vivyo hivyo akiinamisha kichwa upande: macho yake huchezacheza, na ipo pembe ambapo hutulia. Ukimnyoosha shingo unampunguzia kuona. Kinachoumia ni mgongo, basi egemeza kitabu kwenye kibao cha mwinamo.

Wengi hukimbilia fotokopi. Kukuza A4 hadi A3 hufanya herufi za pointi 12 ziwe 17 hivi, ila nakala iliyofifia hukua na ufifi wake, na karatasi yenyewe haienei dawatini. Afadhali kuchapa upya. Mjaribu kwa aya ileile katika pointi 14, 18 na 24. Chagua saizi anayoisoma dakika 10 bila kuchoka, si ndogo kabisa anayoweza kuitambua. Daftarini atumie kalamu nyeusi nzito. Penseli humpotea.

Ukiandika ubaoni, tamka. "Hii jumlisha hii" haimfikii. Sema "robo tatu jumlisha nusu". Notisi mpe zako, asinakili.

Kuhusu PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi: wakati wa usajili wa P7, shule imwandikishe UNEB (baraza la mitihani la Uganda) kuwa mtahiniwa mwenye uoni hafifu, ili apate karatasi za herufi kubwa na dakika 45 za ziada kwa kila karatasi. Muda huo mzoeshe tangu majaribio ya muhula huu. Asiyeuzoea hukimbizana na wenzake, akakabidhi karatasi nao huku maswali ya mwisho hajayagusa.