Maswali ya Wasomaji: Uache Kazi ya Uhasibu Ukasome, au Usome Ukiwa Kazini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga, na moja Bagamoyo. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kama waandishi wenyewe walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina miaka 27, ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga. Nina diploma ya uhasibu yenye GPA ya 3.4. Mshahara kabla ya makato ni shilingi 700,000. Nataka shahada. Wenzangu wananiambia niache kazi niende chuo Dar es Salaam nimalize miaka mitatu, eti anayesoma huku anafanya kazi hamalizi. Ni kweli?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Ndugu yetu, mlango uko wazi kwako, kwa sababu mwenye diploma anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 ili aingie shahada. Yaliyobaki ni fedha na saa, na wewe ni mhasibu, basi tuyapigie hesabu.

Tuanze na fedha. Kwenye 700,000 toa NSSF asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kila kinachozidi 520,000, jumla 42,000. Unaondoka na 588,000 mkononi. Mwajiri naye anakuwekea 70,000 nyingine NSSF, na hiyo watu huisahau. Kwa hiyo, hata bila kuhesabu ile 70,000 unayojiwekea mwenyewe NSSF, kila mwezi utakaokaa nje ya kazi unakugharimu 658,000. Kwa mwaka ni 7,896,000, na kwa miaka mitatu 23,688,000. Hapo hujalipa ada, chumba wala nauli. Wengi hulinganisha ada ya chuo hiki na ya chuo kile, kumbe gharama kubwa ni mshahara ulioacha kuupokea.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo hautolewi kwa mtu mwenye ajira inayompa mshahara. Ukibaki kazini usiuweke kwenye bajeti. Ukiacha kazi unaweza kuuomba, ila kumbuka kwamba ukirudi kwenye ajira rasmi utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Sasa saa, na hapa ndipo wenzako wana hoja. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na kila krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza: darasani, kwenye kitabu, kwenye kazi za kuandika na kwenye mtihani. Jumla saa 3,600. Mfanyakazi mwenye nidhamu anapata saa 15 kwa wiki: Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12:30, Jumamosi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, na Jumapili kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ijumaa pumzika. Mwezi wa Ramadhani hamishia kipindi cha alfajiri baada ya daku, na cha Jumamosi kiwahishe asubuhi kabla njaa na joto havijakuzidi.

Lakini mhasibu hapati saa 15 kila wiki. Tarehe 7 ndiyo mwisho wa PAYE, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na kodi ya zuio ya mwezi uliopita. Tarehe 20 ndiyo mwisho wa ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Wiki mbili hizo utapata saa 8 ukijitahidi. Mwezi mzima basi unakupa saa 46, wala si 60. Zidisha kwa miezi 11, unapata 506. Mwezi mmoja uliobaki chukua likizo yako ya siku 28, usome siku 20 kati ya hizo, saa 7 kwa siku: 140. Kwa mwaka ni saa 646. Gawanya 3,600 kwa 646, utaona ni miaka mitano na nusu.

Hiyo ndiyo namba ya kupanga nayo. Mtu anayeanguka ni yule aliyejiandikisha masomo yote ya mwaka kana kwamba ni mwanafunzi wa kutwa. Mwezi wa tatu kazi ya kuandika inatakiwa tarehe 18, na VAT nayo iko mezani. Anaiwasilisha nusu, alama za kozi zinashuka, anaingia mtihani akiwa na deni la alama. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ile sapu inaangukia kwenye likizo aliyokuwa ameitegemea kwa muhula unaofuata. Baada ya hapo anasema kusoma kazini hakuwezekani.

Ushauri wetu: baki kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo cha mkoa hapo Tanga, na utaratibu wake unaruhusu kuchukua masomo machache kwa mwaka. Mwaka wa kwanza chukua nusu ya mzigo wa kawaida. Kila ukipokea ratiba ya chuo, iweke sambamba na kalenda ya TRA: tarehe 7, tarehe 20, makadirio ya robo mwaka mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka 30 Juni kama hesabu zenu zinafungwa Desemba. Kazi ya chuo ikiangukia kwenye wiki hizo, imalize wiki moja kabla.

Tungekushauri uache kazi kwa sharti moja tu. Angalia unachofanya kutwa. Kama unakatisha risiti za EFD (mashine ya kodi) na kupeleka nyaraka forodhani, huandai usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), hugusi leja, yaani daftari kuu la hesabu, huoni urari wa salio zake, basi miaka hiyo mitano itakupa cheti bila ujuzi. Kabla hujaacha, muombe mhasibu mkuu akukabidhi usuluhishi wa benki wa akaunti moja na ritani ya VAT kwa miezi sita. Akikataa kata kata, hesabu za juu zinaanza kubadilika.

SWALI: Ninaishi Bagamoyo, nafanya hesabu za hoteli. Nimepata nafasi ya masomo ya jioni Dar es Salaam, siku nne kwa wiki, kuanzia saa 11:30 hadi saa 2:30 usiku. Nikitoka kazini saa 9 nitawahi?
*Msomaji wa kike, Bagamoyo*

JIBU: Dada, kwenda utawahi siku nyingi. Kurudi ndiko kutakakokushinda. Bagamoyo hadi Dar ni kama kilomita 65, lakini kipande cha Tegeta hadi Mwenge jioni hakina muda maalumu. Ukitoka darasani saa 2:30 una safari ya kufika Makumbusho kwanza, kisha kusubiri gari lijae. Ukihesabu saa nne tu za barabarani kwa siku, ni saa 16 kwa wiki, nyingi kuliko zile 12 utakazokaa darasani. Na saa hizo huzisomi, kwa sababu gari la jioni umesimama.

Kiulize chuo kama kozi hiyo hiyo ina mkondo wa Jumamosi na Jumapili. Ukiwapo, panga kulala Dar usiku mmoja kwa ndugu, uende Jumamosi alfajiri urudi Jumapili jioni. Hoteli ina wageni wengi wikendi, hivyo zungumza na meneja mapema mbadilishane: wewe ukae Jumatatu hadi Ijumaa, mwenzako wa mapokezi afunge mauzo ya wikendi, na wewe uyahakiki Jumatatu asubuhi. Mkondo huo usipokuwapo, achana na nafasi hiyo utafute masomo ya masafa. Tunajua inauma kuachia nafasi uliyoipigania.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa halmashauri mkoani Tanga, nina shahada ya uhasibu. Nataka kufanya mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma. Je, nianze Mei au Novemba? Na nichukue ruhusa ya masomo au nisome nikiwa kazini?
*Mtumishi, Tanga*

JIBU: Mitihani hiyo ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hufanyika Mei na Novemba, na kwako wewe jibu ni Mei. Mwenzako wa kampuni binafsi inayofunga hesabu Desemba tungemwambia Novemba, kwa kuwa Februari hadi Juni anakimbizana na wakaguzi na ritani. Halmashauri kalenda yake imegeuka. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Julai hadi Septemba mnaandaa taarifa za fedha, na 30 Septemba lazima ziwe zimefika kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Baada ya hapo wakaguzi wanaingia, na Novemba ndipo hoja zinapomiminika: vocha isiyo na kiambatisho, masurufu (fedha za kazi alizotanguliziwa mtumishi) ambayo hayajarejeshwa, stakabadhi isiyoonekana kwenye mfumo. Hoja haisubiri mtihani. Anayejibu hoja usiku hana kichwa cha kuingia chumba cha mtihani asubuhi. Mwezi wa Mei nao una shughuli, ila joto lenyewe la kufunga mwaka linakuja Juni.

Ruhusa ya masomo ya muda mrefu kwa ajili ya CPA hatuioni sababu yake. Kwa kuwa una shahada ya uhasibu unaanzia ngazi ya kati yenye masomo sita, kisha ngazi ya mwisho yenye manne. NBAA inataka pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu kabla ya kukusajili, nao unaupata hapo hapo ulipo. Omba tu siku za mtihani pamoja na likizo yako ya mwaka ianze wiki mbili kabla yake. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na usiondoke kabla barua ya ruhusa haijakufikia mkononi, maana aliyeondoka bila barua huhesabiwa mtoro hata kama yuko chumba cha mtihani.

Usichukue masomo sita kwa mkupuo. Chukua matatu, na uyachanganye: moja ambalo kazi yako inakufundisha, mawili ambayo haikufundishi. Mtumishi wa halmashauri anaijua bajeti ya umma na taratibu za malipo, lakini hajawahi kukutana na kodi ya kampuni. Na hata aliyekutana nayo huteleza, kwa sababu ofisini mfumo unamfanyia. Tazama mfano huu mdogo.

Kampuni imenunua kompyuta kwa 2,400,000. Vitabuni inachakaa kwa miaka minne kwa kiasi sawa, yaani 600,000 kwa mwaka. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kompyuta iko daraja la 1, ambalo uchakavu wake kila mwaka ni asilimia 37.5 ya thamani inayobaki. Mwaka wa kwanza ni 900,000. Mwaka wa pili ni asilimia 37.5 ya 1,500,000, sawa na 562,500. Mwisho wa mwaka wa kwanza vitabu vinasema mali ina thamani ya 1,800,000, kodi inasema 1,500,000. Tofauti ni 300,000, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 unaandika deni la kodi iliyoahirishwa, yaani itakayolipwa baadaye, la 90,000. Wafanyakazi wengi hufika vizuri mpaka kwenye 900,000, kisha wanaitoa kwenye faida bila kwanza kuirudishia ile 600,000 ya vitabu. Uchakavu unakatwa mara mbili, na kila jibu linalofuata linaharibika.

Jambo jingine ni kasi. Karatasi ya mtihani ni alama 100 kwa saa tatu, yaani dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, acha nafasi, nenda linalofuata. Watu wa kazini wamezoea kutoondoka mpaka hesabu ilingane hadi shilingi ya mwisho. Ofisini ni tabia nzuri, ila kwenye mtihani inakula alama 15 za swali ambalo hujalisoma. Wiki sita za mwisho fanya karatasi nzima kwa mkono, na saa ikiwa mezani, kila Jumapili. Kompyuta ifunge.

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita, amepangiwa shahada ya uhasibu chuo kikuu. Hapa mtaani SACCOS inamtaka awe karani wa hesabu kwa 250,000. Anasema afanye kazi asome polepole. Nimwache?
*Mama wa Makorora, Tanga*

JIBU: Mama, shikamoo. Hapa tunageuka na kusema aende chuo kutwa, na aende mwaka huu. Anachoacha ni shilingi milioni 3 kwa mwaka, wala si milioni 7.9 za yule wa Chumbageni. Hana ajira, kwa hiyo anaweza kuomba mkopo, na akisaini mkataba wa SACCOS mlango huo unafungwa. Zaidi ya hayo, hajawahi kufunga hesabu hata mara moja. Anayesoma jioni akiwa kazini hutegemea yale anayoyaona mchana, naye ataona kupokea marejesho na kuandika stakabadhi tu.

Nafasi ile msiitupe. Aende amwone meneja, amweleze kwamba chuo kina mafunzo kwa vitendo, na amwombe ayafanyie pale. Akifika, asikubali kukaa kaunta wiki zote. Aombe kuona usuluhishi wa benki unavyofanywa, na orodha ya mikopo iliyochelewa inavyopangwa kwa siku.

SWALI: Mwajiri wangu wa kampuni binafsi amekataa kunipa likizo ya mtihani. Sheria inasemaje?
*Msomaji, Pongwe*

JIBU: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, sikukuu za humo zikihesabiwa. Likizo ya masomo haimo, na mwajiri ndiye anayepanga lini uende. Kwa hiyo omba likizo ya mwaka, na uombe mapema, miezi minne kabla. Katika barua weka ratiba ya mtihani, jina la mwenzako aliyekubali kushika ritani ya tarehe 7 au 20, na orodha ya kazi utakazokuwa umezimaliza kabla ya kuondoka, na mwenzako huyo naye asaini. Mwajiri akikubali kukulipia ada kwa mkataba wa kubaki kazini, soma kifungu cha kurudisha fedha: kiasi kipungue kila mwezi unaofanya kazi. Kama amekulipia 2,400,000 kwa miezi 24 ya kubaki, ukiondoka baada ya miezi 18 unadaiwa 600,000. Mkataba unaodai zote hata siku moja kabla ya mwisho, mrudishie aurekebishe kwanza.